MIKONO BARIDI KATIKA NCHI YA JOTO

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Wenje



Twajua kwamba wengine mmetoka mashambani bila kupumzika, na wengine mmevuka mto. Basi hatutawapotezea wakati. Neno tulilotumwa na kamati kulieleza leo halijapata kuandikwa katika ajenda zetu: ni habari ya mikono na miguu iliyo baridi siku zote.

Mtu wa bara akisikia habari hii atacheka. Atasema, Wenje ni nchi ya jua. Mchana joto hupita digrii 30, na mchanga huchoma nyayo. Baridi hiyo yatoka wapi? Lakini sisi tulio hapa twajua kwamba iko. Wapo kati yetu waotao jua saa tatu ya asubuhi wakati wenzao watafuta kivuli. Wapo washikao jembe na hali vidole vimekufa ganzi. Wapo mama walalao wamejifunga kanga miguuni katika usiku wa joto. Ukimpa mkono mwenzako kumwamkia, wasikia kiganja chake kama kilichotoka mtungini.

Na watu hawa hupewa majina. Nyapara huwaita wavivu. Jirani husema wamechezewa. Watoto wao husema ni uzee. Wenyewe hunyamaza, kwa kuwa hawana kidonda cha kumwonyesha mtu. Siku ya malipo hupata pungufu, kwa sababu kazi yetu nyingi hulipwa kwa kipimo: kreti za maembe, mistari ya palizi, magunia yaliyopakiwa. Aliyepakia makreti machache hulipwa machache, na mara ya pili haitwi tena.

Twataka kusema mambo matatu. Kwanza, baridi hiyo ina sababu, na sababu yaweza kupimwa. Pili, sababu nyingi zatokana na kazi zetu na mahali tufanyapo kazi. Tatu, kwa hiyo ni jambo la chama, kama vile mshahara ulivyo jambo la chama.

SHAMBA LA MWISHO WA MFEREJI

Kila mtu hapa ajua namna mfereji unavyogawa maji. Maji yakiwa mengi, hata shamba la mwisho hupata. Maji yakipungua, mashamba ya karibu na mlango hunywa, na lile la mwisho hukauka. Mwenye shamba la mwisho akilalamika, haifai kumwambia kwamba udongo wake ni mvivu. Yafaa mtu apande juu akatazame maji.

Mwili ndivyo ulivyo. Joto la mikono na miguu huletwa na damu. Moyo huisukuma damu, nayo hupita katika mishipa mikubwa, kisha midogo, hata ikafika ncha za vidole. Ubongo, moyo wenyewe na mafigo ni mashamba ya karibu na mlango. Damu ikiwa haba au dhaifu, mwili hubana mishipa midogo ya ngozi ili viungo hivyo vikubwa visikose. Vidole vya mikono na vya miguu ndivyo shamba la mwisho. Hupoa kwanza.

Kwa hiyo mkono baridi si lazima uwe na ugonjwa wake wenyewe. Mara nyingi ni mjumbe aletaye habari ya mahali pengine. Haki yataka tuseme pia kwamba wako watu, hasa wanawake, ambao mikono yao ni ya baridi kwa maumbile tu, tangu utoto, nao ni wazima na wana nguvu zao. Hao hawana la kuogopa. Twasema habari ya mtu ambaye baridi imemjia pamoja na uchovu, au pamoja na ganzi, au ambaye hakuwa hivyo zamani akawa hivyo sasa.

DAMU KUPUNGUA

Katika nchi kama hii yetu, jambo la kwanza la kulitazama ni upungufu wa damu. Dalili zake mwazijua hata kama hamkuziunganisha pamoja. Mtu hupanda kingo za mto akahema kama aliyebeba gunia. Moyo wapiga mbio hali amekaa. Kichwa chamzunguka akiinuka. Viganja vimepauka, kucha zimepauka, na ukivuta ukope wa chini chini, nyama ya ndani iliyopasa kuwa nyekundu yaonekana nyeupe. Sisi tulio weusi haifai kutazama rangi ya uso. Tutazame viganja, kucha, ulimi na ndani ya ukope. Wengine hutamani kula udongo. Hilo nalo ni dalili, wala si tabia mbaya ya wanawake kama wasemavyo watu.

Damu yenyewe hupotea kwa njia nyingi, na hapa mtoni njia nyingi hukutana kwa mtu mmoja. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Kichocho, kipatikanacho katika maji yaliyotulia yenye konokono, humfanya mtu akojoe damu kidogo kidogo kwa miaka; na kuna mahali vijana hudhani kwamba damu hiyo ni dalili ya kubalehe, basi wakaficha. Mama hupoteza damu kila mwezi na kila azaapo, na mimba zikifuatana upesi hapati nafasi ya kuirudisha. Wengine wamezaliwa na ugonjwa wa siko seli, ambao chembe zake za damu hufa mapema. Na chakula kikiwa sima na chai mwezi mzima, hata aliyepona hana kitu cha kujengea damu mpya.

Lakini kuna mwizi mmoja ambaye twataka mumjue vizuri, kwa sababu huyo hukaa kazini. Wazee wetu walikuwa na jina la ugonjwa wake zamani: safura. Mgonjwa wa safura hupauka, huvimba uso na miguu, hukosa nguvu. Humletea hayo minyoo midogo, urefu wake kama sentimita moja. Mayai yake hutoka katika choo cha mtu. Yakianguka penye udongo wenye unyevu na kivuli na joto, huanguliwa. Kijidudu hungoja mguu usio na kiatu, hutoboa ngozi, huingia katika damu, hupita mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hujishika katika utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya tone tu. Lakini wakiwa mamia, nao huishi miaka, hesabu yake ni kubwa.

Sasa fikirini kingo za mto wetu: udongo mweusi wenye unyevu, kivuli cha miembe na migomba, joto la mwaka mzima. Fikirini shamba lenye vibarua 30 na choo hakuna, kila mtu aingia migombani. Kisha gharika huja na kusambaza vyote, kama ilivyokuwa mwaka 1961, na 1997, na 2018, na tena mwishoni mwa 2023. Twaona kwamba safura haikuja kwa bahati mbaya. Imetengenezewa nyumba.

Tangu mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuwapa watoto dawa ya minyoo mashuleni, na ulikuwa mpango mwema. Lakini mtoto alipewa dawa, na baba na mama waliokuwa shambani miguu mitupu hawakuwa katika hesabu.

WAFANYA KAZI WA HANDAKI

Ndugu, jambo hili si la Tana peke yake, wala si la watu weusi peke yao. Twataka mjue habari ya wafanya kazi wenzetu wa Ulaya.

Kati ya mwaka 1872 na 1882 katika nchi ya Uswisi lilichimbwa handaki la reli chini ya mlima wa Gotthard, urefu wake kama kilomita 15. Juu ya mlima ni theluji. Lakini ndani ya mwamba kulikuwa na joto la kupita digrii 30, maji na matope. Wachimbaji wengi walikuwa maskini kutoka Italia. Vyoo hakuna, kila mtu alijisaidia alipokuwa akifanya kazi. Watu wale wakaanza kupauka, kuishiwa na pumzi, kulegea. Mwaka 1875 waligoma kwa ajili ya mambo ya kazi yao, wakaletewa askari wenye bunduki, na wanne wakauawa.

Mwaka 1880 madaktari wa mji wa Turin, mmoja wao akiitwa Edoardo Perroncito, walichunguza wachimbaji wagonjwa, wakakuta minyoo ileile ya safura. Mdudu wa nchi za joto alikuwa amepata makao katikati ya theluji, kwa sababu handaki lilimpa joto, unyevu na uchafu. Hapo ikajulikana wazi kwamba udhaifu wa watu wale ulitoka mahali pa kazi. Baadaye lilipochimbwa handaki jingine, la Simplon, kuanzia mwaka 1898, wachimbaji waliwekewa mabafu ya maji moto na mahali pa kukaushia nguo.

Nchini Marekani nako, katika majimbo ya kusini, kulikuwa na wakulima maskini, weupe kwa weusi, waliochekwa kwa uvivu wao. Madaktari walipopima waligundua safura, na magazeti yakaiita minyoo hiyo vijidudu vya uvivu. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni moja, na kwa miaka mitano watu wakapimwa, wakapewa dawa na kufundishwa kujenga vyoo. Waliopona walirudi kazini kama watu wengine. Uvivu ule ulikuwa wapi?

Twasema haya kwa sababu nyapara anapomwita mwenzetu mvivu, anatoa hukumu ya daktari bila kupima. Na sisi watu wa mto huu tunayo sababu ya kutokubali upesi maelezo ya wakubwa juu ya miili ya wafanya kazi. Kule Hola, juu yetu, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini waliuawa walipolazimishwa kwenda kufanya kazi ya mfereji. Taarifa ya kwanza ya Serikali ya kikoloni ilitaja maji waliyokunywa. Maiti zilipochunguzwa na daktari ikaonekana kwamba walikufa kwa kupigwa. Hatusemi kwamba nyapara wa leo ni sawa na wale. Twasema tu kwamba uchunguzi ulionyesha kweli, na kwa hiyo kipimo ni haki ya mfanya kazi.

BARIDI YA NAMNA NYINGINE

Si kila baridi ni upungufu wa damu. Twataja nyingine kwa ufupi, ili kila mtu ajue la kumwambia mganga.

Iko baridi ya ganzi. Mtu asema miguu ni baridi, lakini ukiigusa ni ya joto. Au asikia kama anakanyaga pamba, au kama sisimizi watembea nyayoni. Hiyo ni habari ya mishipa ya fahamu. Ugonjwa wa sukari ndio uletao hali hii mara nyingi, nao waweza kukaa mwilini miaka bila kujulikana. Ukoma nao huanza kwa baka lisilosikia. Ukoma hauna laana ndani yake. Dawa zake zatolewa bure, na aliyeanza mapema hupona kabla ya kuharibika vidole.

Hapa twaomba mtusikie sana. Mtu mwenye ganzi asiote miguu motoni, wala asiitie katika maji ya moto, wala asiweke jiwe la moto kitandani. Ngozi yake haina habari. Itaungua naye hajui, kidonda kitaoza, na wengi wamekatwa miguu kwa njia hiyo. Ajipashe joto kwa nguo na kwa kutembea, na maji ayapime kwa kiwiko au kwa mkono wa mtu mwingine. Kila jioni azitazame nyayo zake, na kati ya vidole, au amwambie mtoto amtazamie. Kabla ya kuvaa kiatu akikung'ute.

Iko baridi ya vidole kubadilika rangi: vidole huwa vyeupe kama vya maiti, kisha hugeuka buluu, kisha vyekundu na kuuma. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza mwaka 1862. Wengine hupata kwa maumbile, wengine kwa magonjwa ya mwili, na wengine kwa mashine zinazotetemeka. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton, alichunguza wachonga mawe wa Bedford katika jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za kuendeshwa kwa upepo, akakuta vidole vyao vimekufa rangi asubuhi za baridi. Walakini Uingereza haikuuingiza ugonjwa huo katika orodha yake ya magonjwa ya kazi yanayolipiwa hata mwaka 1985. Basi ninyi mshikao msumeno wa injini au mashine ya kushindilia barabara, na ndugu zetu waliokwenda Naivasha kufanya kazi katika vyumba baridi vya maua, mjue kwamba vidole vyeupe ni habari ya kupeleka kwa daktari na kwa chama vilevile.

Kuna mengine. Tezi ya shingoni ikilegea, mtu husikia baridi mwili mzima, hunenepa, hufunga choo, husinzia. Sigara na tumbaku hubana mishipa ya vidole, na miraa vivyo hivyo. Tena miraa huondoa hamu ya kula. Dawa nyingine za shinikizo la damu hupoza mikono. Mwenye kuona hivyo amwambie daktari, asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Na mguu mmoja ukipoa ghafula, ukapauka na kuuma sana, mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, Hola au Ngao, asingoje kesho. Damu imezibwa, na mguu hauwezi kungoja.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza ni kupimwa. Tone la damu la kidoleni latosha kujua wingi wa damu. Mwanamume mzima yafaa awe na 13 au zaidi, mwanamke 12, na mwenye mimba 11. Ombeni mwambiwe hesabu yenu, mwiandike katika kitabu, kama mwandikavyo siku mlizofanya kazi. Mwombe pia kupimwa malaria, choo, mkojo na sukari. Usinunue vidonge vya damu dukani kabla ya kupima, kwa sababu upungufu hauna sababu moja, na mwenye siko seli ana shauri lake. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, choo kitakuwa cheusi, usiogope. Umeze miezi yote uliyoambiwa, hata ukijisikia mzima. Uvifiche mbali na watoto, maana kwa mtoto ni sumu.

Pili ni chakula. Nyama na ini hujenga damu upesi, lakini hatutawaambia mle ini kila siku hali twajua bei yake. Samaki wa mto, kunde, maharagwe, mchicha na majani ya kunde yako karibu nasi. Na twayo bahati moja ambayo miji mikubwa hununua: embe. Embe, ndimu na mapapai huusaidia mwili kuchukua chuma iliyomo katika mboga na kunde. Chai hufanya kinyume. Huishika ile chuma isiingie. Hatuwakatazi chai. Twasema inyweni saa moja au mbili baada ya chakula, badala ya kuteremshia sima. Mabadiliko hayo hayana gharama hata senti moja.

Tatu ni kujikinga. Kiatu kilichoziba kazini penye unyevu; viatu vya tairi vyasaidia na miiba, lakini tope huingia. Choo nyumbani. Chandarua usiku. Mwenye mikono baridi avae nguo ya joto kifuani pia, kwa sababu kifua kikiwa na joto mwili hufungua mishipa ya vidole. Nguo zilizolowa zibadilishwe mapema. Na mtu asikae mahali pamoja saa nzima; afungue na kufumba vidole, atembee.

Nne, tuache kuwacheka. Mume asimwambie mkewe kwamba anajilegeza. Mama aliyekaa kivulini akihema hajakataa kazi. Mpelekeni akapimwe.

LA KUDAI KAZINI

Sasa twafika katika kazi ya chama. Sheria zipo, nazo hazikuandikwa kwa ajili ya watu wa Nairobi tu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape watu wake nguo za kujikinga, na glavu na viatu panapohitajika, ikiwa kazi yao ni ya kulowa maji au ya kushika vitu vyenye madhara. Yasema kulowa, ndugu. Mwenye kusimama katika mpunga au mfereji analowa. Sheria hiyo hiyo yataka vyoo, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, ambayo wafanya kazi wana viti vyao.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa kila mwaka: siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Tena kibarua akifanya kazi siku mfululizo zitimizazo mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Ni mtu wa mwezi. Ndiyo sababu wengine husimamishwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha wakaitwa tena. Andikeni siku zenu. Daftari la shilingi chache laweza kushinda maneno mengi mbele ya ofisa wa kazi.

Na tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Ulizeni kama fedha zilizokatwa zimefika. Kukatwa bila kupelekwa ni kunyang'anywa mara mbili, maana siku ya kuugua ndipo mtu ajuapo.

Kuna neno moja zito, nasi hatutalikwepa. Hapa Wenje tajiri si kampuni kila mara. Mara nyingi ni ndugu yetu mwenye shamba la ekari nne, ambaye mwezi huu ameajiri watu sita kuvuna, na mwezi ujao yeye mwenyewe atakuwa kibarua kwa mwingine. Wengine mliokaa hapa ni watu hao. Twaona haya kumdai mjomba choo na viatu. Lakini minyoo haiulizi ukoo. Shimo la choo lililofunikwa, watu sita hulichimba kwa siku mbili, na mwenye shamba naye hukanyaga udongo ule ule. Kwa ndugu wa namna hiyo tusianze na barua ya kushitaki. Tuanze na majembe. Kwa mashamba makubwa na wenye kandarasi, tuanze na barua, na tuwape siku za kujibu.

MAAMUZI TUNAYOYALETA

Ndugu Mwenyekiti, kamati yaomba mkutano ukubali mambo manne.

Kwanza, chama kiombe zahanati na wahudumu wa afya wa vijiji wapange siku ya kupima wingi wa damu, sukari, choo na mkojo kwa wanachama na jamaa zao, kabla ya msimu wa kuvuna maembe, na kila mtu apewe hesabu yake.

Pili, kila shamba lenye vibarua wetu litazamwe na wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, waandike kama kuna choo, maji ya kunawa na viatu. Orodha isomwe katika mkutano ujao. Mwanamke twamtaja kwa sababu kuna mambo ya damu ambayo mama hatamwambia mwanamume.

Tatu, mwanachama mwenye cheti cha upungufu wa damu asipangiwe kupakia malori mpaka apate nguvu, bali apewe kazi ya kuchagua na kufunga matunda, kwa malipo yasiyopungua ya siku. Hili tulizungumze na wenye malori kabla msimu haujaanza. Maembe yakisha kuiva, hakuna atakayetusikiliza.

Nne, mwanachama yeyote atakayeachishwa kazi kwa neno la uvivu, chama kimpeleke kupimwa kabla ya kujibu barua. Matokeo, kwa ruhusa yake, yawekwe mezani pamoja na madai yake.

Hatukuahidi kwamba kila mkono utapata joto. Wengine wataishi na baridi hiyo maisha yao, nao wataweza, kwa viatu, kwa dawa, kwa chakula na kwa wenzao kuwaelewa. Tunaloweza kuahidi ni kwamba hakuna mwanachama atakayeitwa mvivu kwa sababu ya ugonjwa, nasi tukanyamaza.

Wanaokubali watainua mikono Mwenyekiti atakapoomba. Mwenye swali aulize sasa, na mwenye swali la faragha tutabaki hapa chini ya mwembe baada ya mkutano.